Stendi Ndogo

Muuzaji wa Saba Saba aliapa:
"Mama, hii huingia pikipiki yoyote."
Nikalipa. Akaifunga kwa gazeti,
nikaining'iniza kwenye usukani kama nyama ya Ijumaa.

"Kinachoingia kokote hakiingii popote,"
akasema fundi Mwarandu, kabla hata ya salamu,
kalala chali chini ya injini ya mtu mwingine,
oili imempaka shavu moja.

Honda yangu ni ya themanini na moja,
mwaka nilioandikwa kazi ya ukunga.
Imenifikisha Mtongwe saa nane za usiku,
imenifikisha Shika Adabu, mvua ya Mei ikijaa viatuni,
na mara mbili mtoto alikuwa ameshafika kabla yetu.
Ilitoka kiwandani na stendi kubwa tu, ile ya kati:
ukanyage, ushike chuma chini ya kiti, uvute juu
kama unayemwinua mgonjwa asiyetaka kuinuka.

Miaka arobaini niliinua.
Mwaka huu nyonga ikasema basi.
Ikasemea sokoni Kongowea, mbele za watu:
nikabaki nimeishika pikipiki nayo imenishika,
hakuna anayeweza kumwacha mwenziwe,
mpaka kijana wa mkokoteni akacheka, kisha akasaidia.
Kicheko kilitangulia. Nakikumbuka.

Mwarandu akachomoa waya wa betri,
akamimina petroli kwenye dumu, akalipeleka mbali,
akapima.
Ndefu. Honda ikasimama wima kama askari wa gwaride;
lori moja tu likipita kwa kasi
upepo wake utailaza ubavu wa pili.
Akakata vidole viwili.
Fupi. Ikalala mno, kabureta ikaanza kutapika
matone yaliyosalia.
Akarudishia kipande, akachomelea,
akakata tena, safari hii unene wa sarafu,
akaniuliza, "Hapo?"
Nami najuaje? Nikasema, "Hapo."

Cheche moja iliruka ikatua kwenye kanga yangu,
ile iliyoandikwa SINA HAJA YA MTU.
Ikala herufi mbili za mwanzo.
Sikumwambia. Nilijikunja upande ule
nikaendelea kunywa chai yake.

Ikabaki springi.
Springi legevu ni kaburi, alisema:
unakata kona ya kushoto pale Makupa,
mguu unajishusha wenyewe, unakwama,
wewe unaendelea, pikipiki inabaki.
Akatoboa tundu jingine, mbele kidogo,
ili ivuke msumari inapogeuka;
ikiwa juu ivute juu, ikiwa chini ivute chini,
isiwe na pahali pa kusitasita.
Akaipiga teke. *Tak.* Akaipiga tena. *Tak.*
Mara thelathini, kama mtoto na swichi ya taa.

"Na lami je?" nikauliza.
Maana lami yetu ya Machi ni uji,
kila chuma chembamba huzama.
Akakuna kichwa, akaingia ndani,
akatoka na bawaba nzito, kutu tupu,
akaichomelea chini iwe unyayo.
"Ya mlango wa choo cha mama," akasema.
"Na mlango?"
"Ataning'iniza pazia."

Nimerudi nayo. Nimeisimamisha uani
kwa ncha ya kiatu, mkono mmoja, bila kushusha pumzi.
Imeinama kidogo. Majirani wamedhani imeharibika,
Bi Mwanashee ameuliza kama naiuza.

Usiku nimetoka na kurunzi, mara mbili,
kuona kama bado imesimama.
Imesimama. Ila tone la oili,
ambalo miaka yote hii lilidondokea
katika kifuniko cha bati la maziwa
nilichokitega katikati ya sakafu,
sasa laanguka kando, upande wa kushoto,
mahali palipokuwa safi.

Nimekisogeza kifuniko. Shibiri moja.
Nyonga imelalamika nilipoinuka.
Nimeshika kiti.